Kabla hujamwita kijana mwizi wa dizeli, lala chini uangalie tenki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye malori, wenye mashine za kusaga, wenye jenereta na wenye vyombo vya majini, maana wote hao wanatumia dizeli na wote nimewasikia kwa masikio yangu wakimwita mtu mwizi bila kwanza kuangalia tenki. Mimi ni fundi wa injini hapa Dodoma, nimeanzia kwenye mashine za kusaga vijijini huko Chamwino na Kongwa mpaka sasa niko mjini na malori, na kama kuna kitu kinaniuma kwenye kazi hii ni hicho. Dereva anafukuzwa. Mwendesha mashine anakatwa mshahara. Halafu baada ya miezi miwili gari linaletwa gereji, napita na tochi chini, nakuta tenki limelowa.

Ila kilichonifanya nikae niandike hakikutokea Dodoma, kilitokea Bagamoyo. Dada yangu ameolewa huko na shemeji ana jahazi, ni nahodha na mwenye chombo mwenyewe, anabeba mizigo kwenda Unguja na kurudi. Chombo kina tanga lakini kina na injini ya dizeli ya kutokea bandarini na ya kutumia upepo ukilala, na tenki lake ni la chuma, limekaa ndani upande wa kushoto karibu na shetri, yaani nyuma ya chombo, urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50. Piga hesabu utaona ni lita 200, maana yake kila sentimita moja ya kimo ni lita 4. Hiyo hesabu iwekeni kichwani maana ndiyo iliyomwokoa kijana wa watu, japo ilichelewa.

Kulikuwa na kijana mmoja, umri kama miaka ishirini, ndiye aliyekuwa analala chomboni kama mlinzi na alfajiri anafua (anachota na kumwaga) maji kwenye ngama, yaani kule chini kabisa tumboni mwa chombo maji yanapojikusanya. Shemeji anajaza mafuta jioni, wakifika Unguja kesho yake anaona yamepungua kuliko injini ilivyofanya kazi. Kurudi Bagamoyo hayapungui. Kwenda yanapungua, kurudi hayapungui, safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa mtu yeyote angesema nini? Walisema kijana ana mteja wake Unguja anamuuzia. Wakamfukuza, na mshahara wake wa mwezi ukazuiwa kufidia mafuta. Alikula kiapo mbele ya watu pale ufukweni na hakuna aliyemsikiliza.

Mimi hayo yote nilikuwa siyajui. Nilijua siku shemeji aliponipigia simu kuniuliza kama huku Dodoma naweza kumpatia mfuniko wa tenki wenye kufuli, wa lori, maana kufuli alilofunga halimpi imani. Nikamuuliza kwani vipi, ndiyo akanieleza. Akasema kijana ameshaondoka wiki ya tatu hii, kufuli lipo, ufunguo anao yeye mfukoni, na mafuta bado yanaisha. Nikamwambia shemeji, basi huyo mwizi hana mikono, hilo tenki linavuja na huyo kijana mmemwonea. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu.

Bahati chombo wakati huo kilikuwa kimepandishwa ufukweni kwa ajili ya kukalafatiwa, yaani kuzibwa nafasi kati ya mbao, kimewekewa magadi, ile miti ya kukiegemeza, pande zote mbili kimesimama wima, injini haifanyi kazi. Hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kupima. Nikamwambia achukue kijiti kikavu, asafishe, achovye kila asubuhi saa ileile mahali palepale, halafu anitumie namba kwa meseji, asiongeze wala kupunguza kitu. Siku ya kwanza 46. Kesho yake 43. Halafu 40 na nusu, halafu 38, halafu 36, ikawa kasi ya kupungua inapoa kadiri siku zinavyokwenda. Siku ya tisa ikawa 31, ya kumi 31, ya kumi na moja 31.

Hapo mimi nikiwa nimekaa zangu Dodoma, sijaliona hilo tenki, nilishajua mambo matatu. La kwanza, linavuja injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo tatizo siyo bomba la kurudishia mafuta kutoka kwenye injini, maana lile huvuja injini ikiwa inafanya kazi tu. La pili, tundu haliko chini kwenye kitako wala kwenye nati ya kumwagia uchafu, maana lingekuwa huko mafuta yangeshuka mpaka mwisho. La tatu, tundu liko kwenye kimo cha sentimita 31 kutoka chini, kwa sababu mafuta hayapandi kwenda kutafuta tundu, yakishuka mpaka usawa wa tundu yanasimama. Na kile kupungua pole pole ni kwa sababu mafuta yakiwa mengi juu ya tundu yanasukuma kwa nguvu, yakipungua msukumo nao unapungua. Kutoka 46 mpaka 31 ni sentimita 15, ni lita 60. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zidisheni wenyewe muone ni hela ya nini.

Na ile siri ya kwenda Unguja nikaielewa palepale, nikasikia uchungu kwa yule kijana. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Chombo kikitoka Bagamoyo kuelekea Unguja kinakwenda kaskazini mashariki, upepo unakipiga kutoka kulia, kinalalia kushoto. Tenki liko kushoto na tundu, kama tulivyokuja kuona, liko kwenye ubavu wa kushoto wa tenki. Chombo kikilala hivyo mafuta yote yanahamia ule ubavu yanapanda juu ya tundu, yanamwagika safari nzima. Kurudi upepo uko kushoto, chombo kinalalia kulia, tundu linabaki juu kavu. Ni upepo tu. Na mafuta yaliyomwagika yanaingia kwenye ngama yanachanganyika na maji, halafu nani anayafua alfajiri anayamwaga baharini? Yuleyule kijana. Alikuwa anamwaga ushahidi wake mwenyewe kila siku kwa ndoo na hajui. Dada aliniambia baadaye kwamba watu walikuwa wanaona rangi rangi kama upinde wa mvua juu ya maji pembeni ya chombo asubuhi, lakini chombo cha injini kinanuka dizeli siku zote, nani atashtuka.

Nikaomba ruhusa kazini siku chache nikapanda treni ya SGR mpaka Dar, halafu daladala mpaka Bagamoyo. Mimi ni Mgogo, bahari nimeikuta ukubwani, lakini tenki ni tenki.

Nilipofika nilikuta watu wameshaanza kufanya kile ambacho kila mtu anafanya, yaani kukaza. Tone lilikuwa linaonekana kwenye kona ya nyuma chini karibu na nati ya kumwagia uchafu, kwa hiyo nati ilikuwa imekazwa mpaka kichwa kimeviringika. Jamani, dizeli inatambaa. Inatoka hapa, inafuata ukingo wa welding, inapita chini ya tumbo la tenki, inaenda kudondokea mbali kabisa na ilikotokea. Mahali tone linapodondoka siyo lazima ndipo penye tundu, na ukikaza vitu kwa kubahatisha utaongeza tundu la pili.

Kwanza tulisafisha. Nasema kwanza kwa sababu hapo ndipo wengi wanaruka. Tenki lote la nje kwa maji ya moto na sabuni ya unga, brashi, kitambaa kikavu, mpaka halinuki. Tukaongeza madumu mawili, lita 40, mafuta yakapanda mpaka 41, maana yakiwa chini ya 31 utaangalia mpaka kesho kutwa hutaona kitu. Halafu, Mhariri, tukatumia magazeti. Dada alikuwa na rundo la magazeti ya zamani ya kufungia vitu, tukatandika karatasi chini ya tenki lote na nyingine tukazichomeka wima kati ya tenki na mbao za chombo, kila upande, tukaziandika namba kwa kalamu. Gazeti likiingia maji linakunjamana na likikauka linarudi jeupe. Likiingia dizeli linakuwa kama kioo, unaona maandishi ya upande wa pili, na halikauki, hata ulianike juani doa linabaki. Asubuhi karatasi za mbele zilikuwa safi, za kulia safi, za chini zina doa pale kwenye kona ambapo kila mtu alipajua. Lakini karatasi namba sita, ya ubavu wa kushoto, ilikuwa na mchirizi mmoja mwembamba ulioanzia katikati kwenda chini, juu ya hapo karatasi kavu kabisa. Nikapima na rula kutoka chini ya tenki mpaka mchirizi ulipoanzia. Sentimita 31 na kitu kidogo.

Pale palikuwa na mkanda wa chuma, ule unaozunguka tenki kulishikilia kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, lisicheze. Aliyelifunga aliweka kipande cha zulia kati ya mkanda na tenki ili lisisuguane, nia yake ilikuwa njema. Lakini zulia linanyonya maji ya chumvi na halikauki, linakaa limebana chuma miaka. Tulipolegeza mkanda zulia lilitoka na magamba ya kutu yameng'ang'ania kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Nikafuta, nikakausha, nikasugua chaki ya shule ya mtoto wa dada pale pote mpaka pakawa peupe. Tukakaa tunaangalia, shemeji na mimi na tochi. Haikupita dakika tano, katikati ya weupe kikatokea kidoa cheusi kidogo kama ncha ya sindano, kikawa kama punje ya mtama, halafu kikaanza kushuka. Shemeji hakusema neno, aliinuka akatoka nje.

Sasa kutengeneza. Hapa naomba vijana wa welding mnisikilize vizuri, kwa sababu alikuja kijana mmoja fundi na mashine yake, akasema nipisheni nipige hapohapo, dizeli haiwaki. Ni kauli nimeisikia Majengo, nimeisikia Kizota, nimeisikia kila mahali. Ni kweli dizeli siyo petroli. Petroli inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali, na wote tunakumbuka Msamvu pale Morogoro Agosti 10, 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa lori la petroli lililoanguka. Dizeli inahitaji kupashwa kama nyuzi 50 na kitu ndiyo itoe mvuke wa kuwaka, kwa hiyo kiberiti ukikidondosha kwenye ndoo ya dizeli ya baridi mara nyingi kinazimika, ndiyo maana watu wanaizoea. Lakini moto wa welding siyo nyuzi 50, ni maelfu. Unapochomelea ubavu wa tenki, mafuta yaliyoganda upande wa ndani yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke umefungiwa ndani ya boksi la chuma pamoja na hewa. Tenki tupu ni baya kuliko lililojaa. Hilo ndilo watu hawaamini na ndilo linaloua. Na hapo tulikuwa ndani ya chombo cha mbao kilicholowa mafuta miaka yote hiyo. Nikamwambia mdogo wangu, hapa hapaguswi na moto, tenki linatoka nje.

Tulimwaga mafuta kwenye madumu kwa pampu ya mkono, yale masafi juu tukayatenga, ya chini tukayaweka peke yake kwenye pipa maana yalikuwa na maji na ute mweusi unaonuka kama yai bovu. Huo ute watu wanadhani ni uchafu wa sheli. Ni vijidudu. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, na pale maji yanapokutana na dizeli vinaota vijidudu ambavyo vinakula mafuta na kutoa asidi, inayokula chuma kwa ndani. Kwa hiyo hilo tenki lilikuwa linaliwa nje na zulia na ndani na ute. Hata sisi huku bara tunapata, siyo mambo ya bahari tu. Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma ni baridi, mchana jua, tenki likiachwa nusu linavuta hewa yenye unyevu na maji yanaganda kwenye kuta za ndani yanachuruzika chini. Mashine inayosaga msimu tu halafu inalala miezi ndiyo inayoharibika zaidi.

Tukaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tunatikisa, tunamwaga, mara nne, mpaka maji yakatoka masafi na ukinusa kwenye mdomo wa tenki husikii kitu. Tukaliacha wazi usiku. Kesho yake tukalilaza tundu likiwa juu, tukalijaza maji mpaka yakabaki sentimita chache kufika pale pa kuchomelea, midomo yote wazi, ili pasiwe na nafasi ya mvuke kujikusanya. Ndiyo yule kijana akapiga kazi yake. Hakubandika bati juu ya kutu, nilimkatalia. Tulikata kile kipande chote kilichooza mpaka tukakuta chuma kizima, tukaweka kipande kipya cha milimita 3. Alifanya kazi safi sana, ana mkono, ni kwamba tu hakuna aliyewahi kumwambia. Huyo kijana amejifunzia mtaani kama tulivyojifunza wengi. Ningeomba vyuo vya ufundi, VETA na vingine, hili la kuosha na kujaza maji lifundishwe siku ya kwanza kabla kijana hajashika elektrodi, na gereji zetu liandikwe ukutani.

Kupima nako kuna mambo. Yule kijana alitaka kulijaza upepo kwa kompresa ya matairi halafu tupake povu la sabuni. Povu ni sawa, kompresa hapana. Ubavu wa lile tenki ni sentimita 100 kwa 50. Ukitia presha ya ba moja tu, ambayo kwa tairi ni bure kabisa, ule ubavu unasukumwa na nguvu ya karibu tani 5. Tenki la bapa siyo tairi, litavimba au litapasuka usoni kwako. Sisi tulifunga midomo yote tukaacha mmoja, tukaunga hosi ya plastiki inayoonyesha ndani, tukalijaza tenki maji mpaka yakapanda kwenye hosi kimo cha mita 2 juu, tukaifunga kwenye mlingoti. Hiyo inatoa kama ba 0.2, inatosha. Tukaweka alama kwenye hosi kwa kalamu, tukalikausha tenki nje, tukapaka chaki welding yote, tukaenda kula. Baada ya saa tatu maji yako kwenye alama na chaki nyeupe pote.

Kabla ya kulirudisha tulilikausha ndani kabisa, nje tukapaka rangi ya epoksi, zulia tukalitupa tukaweka raba ngumu isiyonyonya maji tukaigandisha kwenye mkanda, na chini tukaliinua juu ya vipande viwili ili hewa ipite. Tukaongeza mfuniko wa mkono juu yake, wa bolti, ili siku nyingine mtu aweze kufungua aone ndani na kusafisha bila kung'oa tenki. Na gasketi ya huo mfuniko, tafadhali, isiwe raba ya tyubu ya tairi. Najua sote tunaitumia maana ipo na ni bure. Ichovye kwenye dizeli usiku kucha uione asubuhi, inavimba inakuwa laini kama ulimi. Inaziba siku mbili tatu halafu inaachia. Nunua raba ya mafuta, ni ghali kidogo lakini inakaa.

Mtu ataniuliza na sabuni ya kipande je, ile madereva wanayosugua kwenye ufa wa tenki njiani? Inasaidia, sibishi, dizeli haiyeyushi sabuni, na mimi nimewahi kumfikisha dereva kutoka Manyoni mpaka Dodoma kwa kipande cha sabuni. Lakini ni ya kukufikisha gereji. Nimeona gari limetembea na sabuni miezi mitano.

Nirudi huku kwetu, maana barua yangu ni ya huku. Kuna vitu vinavyomfanya dereva aonekane mwizi na wala tenki halijatoboka. Dizeli ikipata joto inatanuka. Lita 200 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka kama lita 3 na kidogo. Mwenye gari anajaza mpaka mdomoni alfajiri ya baridi, lori linakaa kwenye foleni ya kushusha mahindi soko la Kibaigwa jua likiwa kali, mafuta yanapanda yanatokea kwenye kitundu cha kupumulia, yanadondoka chini kwenye vumbi, yanapotea. Jioni anapima anakuta pungufu. Usijaze mpaka juu, acha nafasi.

Na lile bomba la kurudishia nililolitaja. Mwaka juzi nililetewa kesi ya mashine ya kusaga huko upande wa Mpwapwa, mwendesha mashine ni mama mtu mzima ana wajukuu, mwenye mashine anamdai mafuta. Mashine ikizimwa tenki kavu kabisa kwa nje, hakuna tone. Nikamwambia mama, iwashe. Ikawaka, nikaweka gazeti chini ya kile kibomba chembamba kinachotoka kwenye nozo kurudi kwenye tenki, na ndani ya nusu saa doa lilikuwa kubwa kama sahani. Klipu ya shilingi mia chache. Aliyekuwa anamdai alikuwepo pale. Kwa upande mwingine bomba linalovuta mafuta kwenda kwenye pampu likiwa na ufa, injini ikifanya kazi halidondoshi kitu, linavuta hewa, injini inakohoa inazimika, mnatoa hewa inawaka halafu inarudia. Weka kipande cha hosi inayoonyesha ndani uangalie mapovu.

Hata wenye vyombo vya injini pale Bwawa la Mtera nawaomba mwangalie matenki yenu kabla ya kufua maji na kuyamwaga. Yale maji ndimo wanamovuliwa perege, na ndiyo yanayoshuka mpaka Kidatu.

Ninachowaomba wenye mali ni kitu kidogo sana. Kijiti kikavu, daftari, siku tatu chombo kikiwa kimezimwa na kimesimama sawasawa, na gazeti la zamani. Ukimaliza hayo na tenki ni kavu na mafuta bado yanapungua, hapo kaa na kijana wako muongee. Lakini siyo kabla. Kijana akishaitwa mwizi kwenye kijiji cha wavuvi au kwenye stendi ya malori, hiyo sifa inamfuata kila anapoenda kuomba kazi, na hakuna welding ya hiyo.

Yule wa Bagamoyo tulimtafuta. Tuliambiwa yuko Pangani kwenye chombo kingine. Shemeji alimpigia jioni ya siku tuliyorudisha tenki, tumekaa nje na dada na chai, simu akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo nahodha," kijana akasema, kwa sauti ya mtu anayengoja kutukanwa.

"Marahaba mwanangu. Tenki lilikuwa linavuja. Nilikuonea, nisamehe."

Kimya. Tukasikia mawimbi upande wa pili wa simu. Halafu akauliza, "Lilikuwa linavujia wapi?" Shemeji akamweleza, mkanda, zulia, upande wa kushoto. Kijana akasema alikuwa anaona lile zulia limelowa kila siku, akadhani ni maji ya mvua. Mshahara wake ulitumwa kwa simu usiku uleule, na nauli juu yake kama anataka kurudi. Mpaka naondoka alikuwa hajasema kama atarudi, na shemeji hajachukua mtu mwingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi injini,
Kizota, Dodoma.